Toba ina masharti yake: kwa nini viongozi wacha Mungu hawalifikii neno "nimekosa"?

Mpiga Zumari

Wakuu, salaam.

Uzi huu hauna chama. Kiongozi wetu anaapa ameshika Msahafu au Biblia, anamalizia na "Ewe Mwenyezi Mungu nisaidie". Anafunga, anasali, kila akisimama kwenye mimbari anatuomba tumwombee. Lakini sera ikienda mrama, ulimi unakuwa mzito.

Kinachonishangaza ni kwamba maneno anayo, tena kayakariri tangu utotoni. Mkatoliki kila Misa anasema: "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu, kwani nimekosa mno kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana." Tazameni nafsi iliyotumika. Ni "nime-", na "mimi" anaongezewa ili asipate pa kujificha. Tazameni pia anaungama kwa nani: kwa Mungu *na kwa ndugu zangu*. Halafu kuna hilo la kutotimiza wajibu, ambalo kwa mtu mwenye madaraka ndilo zito kuliko yote.

Muislamu naye ana masharti ya toba yanayofundishwa madrasa: kuacha lile kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia. Kosa likiwa limegusa haki ya mja, linaongezeka sharti la nne, kumrudishia mwenye haki haki yake au kumtaka radhi.

Mfano tunaoujua wote ni korona. Machi 2020 hayati Magufuli alisema kanisani Dodoma kwamba korona ni shetani, haiwezi kukaa kwenye mwili wa Yesu. Tarehe 17 hadi 19 Aprili tukawa na siku tatu za maombi ya kitaifa. Tarehe 29 Aprili takwimu zikatolewa kwa mara ya mwisho: wagonjwa 509, vifo 21. Mwanzoni mwa Mei, akiwa Dodoma, akaeleza kuhusu sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zikaonekana zina korona, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa. Juni, kanisani tena, tukatangaziwa kwamba Mungu amejibu.

Ilipofika Februari 2021 maradhi yakarudi kwa kishindo. Maalim Seif na Katibu Mkuu Kiongozi John Kijazi walifariki siku moja, tarehe 17. Siku chache baadaye Rais, kanisani Dar es Salaam, akasema tuvae barakoa, na akaongeza kwamba Serikali haijazuia barakoa. Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Msimamo umebadilika, na ni jambo jema. Ila sentensi iliyobeba mabadiliko hayo ni "hatujazuia". Kwa nini haikuwa "tulichelewa"?

Hoja yangu: siasa zetu zimechukua kutoka kwenye dini dua, shukrani na baraka. Kuungama zimekuacha mlangoni.

---

Kware wa Geita

Sahihisho dogo mkuu. Hotuba ya papai na mbuzi ilitolewa Chato, tarehe 3 Mei 2020. Haikuwa Dodoma. Na usimsahau kware, naye alitajwa.

---

Mpiga Zumari

Sahihi, Chato. Nimechanganya.

---

Ustadhi wa Makorora

Assalaam alaykum. Masharti uliyotaja ni sawa, ila kuna mlango mmoja ambao viongozi Waislamu wanapenda kuupitia, na haufai kwa matumizi yao. Mlango huo ni sitri.

Ni kweli Uislamu unakataza mtu kujitangazia dhambi. Umefanya kosa usiku, Mwenyezi Mungu amekusitiri, ukiamka asubuhi ukajianika, hilo nalo ni kosa. Basi utamsikia mtu anasema: mimi na Mola wangu tumeshamalizana, nyinyi mnataka nini tena? Jibu ni kwamba sitri ni ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake. Dhulma uliyoifanya hadharani haina pazia la kufunikia, watu walishaiona, tena wao ndio walioumia.

Tazama Al-Baqara aya ya 160. Aya inayotangulia inawalaani wanaoficha ubainifu baada ya kubainishwa kwa watu. Kisha wanatolewa waliofanya mambo matatu: *tabu*, wakatubu, *wa aslahu*, wakatengeneza, *wa bayyanu*, wakabainisha. Vitenzi vitatu kwa mpangilio huo, na wafasiri wanasisitiza kwamba aliyeficha jambo la umma toba yake haitimii mpaka alitoe wazi. Kujuta moyoni kwa kosa la aina hii ni theluthi moja tu.

Kwa hiyo Mpiga Zumari, kuungama umekuweka pazuri, ila kwa upande wetu swali la kwanza kwa kiongozi lingekuwa: umetengeneza nini, na umebainisha nini?

---

Katekista Mstaafu

Niongezee upande wa Kanisa, maana hapa watu huwa wanakomea kwenye kuungama. Matendo ya mwenye kutubu ni matatu: majuto, maungamo, malipizi. La tatu ndilo wengi wanaliruka. Padre akikuondolea dhambi hajakuondolea deni. Umeiba ng'ombe wa jirani, ukaungama, ng'ombe bado yuko zizini kwako: mrudishe.

Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru, yaani mtu wa serikali. Luka 19:8 anataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Hata "ikiwa" yake haikuishia kwenye "kama kuna niliyemkwaza". Alitaja kiwango, na alikitaja amesimama mbele ya watu.

Lakini mfano unaowafaa zaidi wanasiasa ni mfalme Sauli, 1 Samweli 15. Ameambiwa aangamize mifugo yote ya Waamaleki, ameacha iliyonona. Samweli anafika. Fuateni hatua zake:

Kwanza anamsalimu nabii kwa furaha na kusema amelitimiza neno la Bwana. Samweli anauliza, basi huu mlio wa kondoo masikioni mwangu ni nini? Sauli anasema *watu* ndio waliowaacha hai, tena kwa nia njema ya kutoa sadaka. Akibanwa zaidi anasema nimekosa, kwa sababu *niliwaogopa watu*. Mwisho, aya ya 30, anasema nimekosa, lakini uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu.

Hapo utaona kukanusha, kusukumia wengine, kusingizia nia njema, kisha kukiri kwa sharti la kulindiwa heshima. Ukilinganisha na Daudi, 2 Samweli 12:13, baada ya nabii Nathani kumwambia "wewe ndiwe mtu huyo": Daudi anajibu kwa sentensi moja, nimemfanyia Bwana dhambi, wala haongezi neno. Na adhabu ilibaki pale pale.

Na hiyo ya sadaka ya mifugo iliyonona msiisahau. Kosa la kisiasa kufunikwa na ibada ni mtindo wa zamani sana.

---

Fundi Sarufi

Mimi nitabaki kwenye lugha, kwa sababu kosa linafichwa kwenye kitenzi kabla halijafichwa kwenye faili. Chukua taarifa yoyote ya serikali uipitishe kwenye chekeche hili.

"Changamoto zilijitokeza." Kiambishi *-ji-* kinafanya kazi chafu hapa: changamoto zimejitokeza *zenyewe*, kama uyoga baada ya mvua. Hakuna aliyezitokeza. Na "changamoto" lenyewe limelimeza neno "kosa" kabisa. Daraja limebomoka kabla ya kuzinduliwa, ni changamoto. Fedha hazionekani, ni changamoto.

"Makosa yalifanyika." Ametumia kauli ya kutendeka. Mtendaji hayupo, na wala hakuna nafasi aliyoachiwa. Angesema "yalifanywa" tungeuliza "na nani?". Kwa "yalifanyika" hata swali hilo halishiki.

"Nimeteleza." Methali inasema kuteleza si kuanguka, na ndiyo maana wanalipenda. Utelezi ni kosa la sakafu.

"Poleni." Hili ndilo la hatari zaidi kwa sababu linasikika kama utu. Pole anapewa aliyefikwa na jambo, na anayetoa anaweza kuwa mpita njia tu. Kiongozi anayewaambia "poleni" watu waliobomolewa nyumba kwa amri yake mwenyewe amejiweka kwenye kundi la wapita njia.

"Kama kuna niliyemkwaza, anisamehe." Hapa "kama" inahamisha kazi yote kwenda kwa aliyeumia. Yeye ndiye ajitokeze athibitishe kwamba amekwazwa. Na "kukwaza" si kitendo chenye jina. Umemkwaza kwa kumpiga, kumfukuza kazi, au kumkanyaga kidole?

Namna ya kupima ni rahisi. Tafuta kiambishi cha nafsi ya kwanza (ni-, au tu- yenye wahusika waliotajwa). Tafuta kitenzi chenye tendo linaloonekana: nilifuta, niliamuru, nilinyamaza. Tafuta jina la walioumia. Kikikosekana kimojawapo, hiyo ni salamu.

---

Wakili wa Mwanakwerekwe

Fundi, nakubali, lakini msisahau kwamba nyuma ya kila "zilijitokeza" kuna mwanasheria aliyeishika kalamu. Kukiri ni ushahidi. Waziri akisema leo "niliamuru", kesho maneno hayo yamo kwenye kiapo cha mlalamikaji. Ndiyo maana Uingereza ilipotunga sheria ya fidia mwaka 2006 iliweka kifungu cha 2 kinachosema kuomba radhi peke yake, au kutoa matibabu, hakuhesabiki kuwa kukubali uzembe. Waliona watu wanaogopa kusema samahani kwa sababu ya kesi.

Sasa tumtazame Rais wa Tanzania. Ibara ya 46 ya Katiba ya 1977: akiwa madarakani hafunguliwi kesi ya jinai. Akishaondoka hashitakiwi kwa aliyoyafanya akiwa Rais kwa mamlaka ya urais, isipokuwa kama Bunge lilimwondoa. Kwa hiyo mtu mwenye sababu ndogo kuliko wote ya kuogopa neno "nimekosa" kisheria ni yeye. Hofu yake iko penginepo: chama, wasaidizi waliotekeleza, na lile la Sauli, heshima mbele ya wazee.

---

Jirani wa Kayole

Niaje ndugu wa huko. Sisi Kenya tumepata radhi za aina zote, kwa hivyo wacha niwape mifano.

Tume ya ukweli, haki na maridhiano ilimkabidhi Uhuru Kenyatta ripoti Mei 2013. Ilikuwa imechunguza dhuluma kuanzia Desemba 1963 hadi Februari 2008, mauaji ya Wagalla yakiwemo, na ilitaka Rais aombe msamaha ndani ya miezi sita. Alingoja hadi tarehe 26 Machi 2015, akihutubia Bunge. Kwa kipimo cha Fundi alifanya vizuri: kwa niaba yake, ya serikali yake na ya serikali zote zilizotangulia. Akataja pia hela, hazina ya shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Alipoondoka Ikulu Septemba 2022 waathiriwa walikuwa bado wanaiulizia. Maungamo yapo, malipizi hayapo. Katekista ameyasema.

Halafu tarehe 28 Mei 2025, kwenye maombi ya kitaifa ya asubuhi, Rais Ruto aliwaomba msamaha Watanzania, Waganda na vijana wetu. Mkutano wa maombi, wachungaji mbele, neno msamaha limetamkwa. Lakini kila ombi lilikuwa na "ikiwa": ikiwa tumewakosea, ikiwa kuna mahali tumeteleza. Vijana waliozika wenzao baada ya maandamano ya Juni 2024 walitaka kusikia kilichofanyika kikitajwa kwa jina lake.

Na jambo ambalo hamjaligusa ni sadaka. Kiongozi anapata wapi nafasi ya kutokukiri? Anaipata madhabahuni, kwa bahasha. Novemba 2024 Rais alitembelea parokia ya Soweto hapa Kayole, akatoa 600,000 kwa kwaya na baraza la watoto wa parokia, na milioni 2 za nyumba ya mapadre. Gavana akaweka 200,000. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Anyolo akaagiza pesa zote zirudishwe, na ile ahadi nyingine ya milioni 3 ikakataliwa. Siku chache kabla, maaskofu walikuwa wamelalamikia utamaduni wa uongo serikalini. Wengine walisema ni kiburi cha kanisa. Mimi naona huwezi kuwa Nathani na risiti mfukoni.

---

Mzalendo Halisi

Mnawaonea viongozi wetu. Nyerere mbona alikiri? Tena Mkatoliki wa Misa kila siku, na Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu tangu 2005. Mwaka 1962 aliandika Tujisahihishe, akieleza namna woga na ubinafsi vinavyozuia watu kusema kweli ndani ya chama. Mwaka 1977 aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, akasema wazi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Na mwaka 1984, kwenye mahojiano, alisema kama angeanza upya yapo mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika.

Na Mzee Mwinyi je? Januari 1977 alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga. Hakumgusa mtu hata mmoja yeye mwenyewe.

---

Mpiga Zumari

Mzalendo, hiyo ya Mwinyi ndiyo bora kuliko zote zilizotajwa humu, na inapingana na dhana moja: kwamba kukiri kunamaliza siasa za mtu. Alipelekwa ubalozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais. Linganisha na 2008, Waziri Mkuu Lowassa alipojiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond huku akilalamika kwamba kamati ya Bunge haikumsikiliza. Kiti kilitoka, kosa halikukubaliwa. Kuwajibika na kukiri ni vitu viwili. Mwinyi aliwajibika kwa kosa ambalo hata halikuwa la mkono wake.

Ya Nyerere nakubali nusu. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, ushirika ukavunjwa 1976. Kauli imekuja 1984, wakati sheria za kuvirudisha zilikuwa zimeshatungwa. Na Operesheni Vijiji, ambayo ndiyo iliyomgusa mkulima mlangoni, haimo kwenye yale mawili. Ila ana nafsi ya kwanza, ana matendo mawili yenye majina, na alikuwa bado yuko Ikulu. Hiyo ya mwisho ni adimu.

---

Binti Wete

Adimu kweli. Mkapa, Mkatoliki mwengine, alisubiri. Watu walipigwa risasi Pemba tarehe 26 na 27 Januari 2001, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa ngalawa. Muafaka wa CCM na CUF ulisainiwa Oktoba mwaka huo huo. Kauli ya kwamba yale mauaji ni doa kwenye urais wake tuliisoma kwenye kitabu cha kumbukumbu zake, 2019. Miaka 18. Kuna mama walikuwa wameshakufa bila ya kuisikia.

Na "doa" nalo, Fundi Sarufi, lipime. Doa liko kwenye nguo ya nani?

---

Fundi Sarufi

Yake mwenyewe. Umelenga.

---

Mngoni Mjukuu

Wakoloni nao wapimwe kwa chekeche hilo hilo, maana wiki moja ya 2023 ilituletea somo zima. Tarehe 31 Oktoba Mfalme Charles, ambaye pia ni mkuu wa Kanisa la Uingereza, alizungumza Nairobi kuhusu ukatili wa enzi za Mau Mau: huzuni na majuto makubwa, bila kuomba msamaha. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea mbele ya wajukuu wa mashujaa wa Maji Maji, akaomba msamaha kwa waliyoyafanya Wajerumani, na akamtaja Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, ambaye kichwa chake kilikuwa bado kinatafutwa.

Lakini geuza shilingi. Uingereza ilishalipa. Juni 2013 William Hague alitangaza pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 wa Mau Mau, gharama za mawakili zikiwemo, huku akisisitiza kwamba serikali yake haikubali kuwajibika kisheria. Songea tumeombwa msamaha, pesa ya fidia haikutajwa. Mmoja analipa bila kukiri, mwingine anakiri bila kulipa.

---

Ustadhi wa Makorora

Na taasisi za dini zenyewe zisijifiche nyuma ya uzi huu. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya *waumini* walioshiriki mauaji ya kimbari ya 1994, na serikali ikasema haitoshi, kwa sababu waliotajwa ni watu binafsi na taasisi imebaki safi. Machi 2017 Papa Francis akaomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa *na* za watu wake. Tofauti ni hiyo "na". Ilichukua miezi minne, na miaka 22 kabla yake.

---

Mkunga Data

Turudi kwenye korona, maana mmeiacha njiani. Watu wanasema Rais Samia alisahihisha. Alisahihisha, na tuone kwa kifaa gani: kamati. Aprili 2021 akasema hatuwezi kujitenga kama kisiwa, akaunda kamati ya wataalamu. Tarehe 17 Mei ikampa ripoti. Tarehe 24 Julai zikapokelewa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, tarehe 28 akachanjwa hadharani Ikulu.

Kamati ni mashine nzuri ya kugeuza meli bila kusema nahodha aliyetangulia alipotea njia. Aliyekosea hatajwi, anayebadilisha hamsaliti mtangulizi wake, na lawama ya uamuzi mpya inabebwa na wataalamu. Kwa nchi iliyotoka kumzika Rais miezi miwili tu kabla, sidhani kama kulikuwa na njia laini zaidi. Naielewa. Ila gharama yake ilionekana haraka: kwa kuwa hakuna aliyewaambia watu kwamba waliyoambiwa mwanzo yalikuwa makosa, wengi walibaki na ujumbe wa kwanza. Chanjo zilipofika zikawakuta watu wanaozikataa kwa maneno yale yale waliyoyasikia kwenye hotuba za Chato.

Kanisa, kwa haki, lilisema mapema. Januari 2021 Baraza la Maaskofu lilionya kwamba sisi si kisiwa, na Machi katibu wake, Padre Kitima, akataja kwamba mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili wakiwa na dalili za matatizo ya kupumua. Hizo ndizo namba zilizotoka wakati namba za serikali zimefungwa.

---

Mpiga Zumari

Hapo ndipo aya ya Ustadhi inaponirudia. Kutengeneza kulifanyika: kamati, chanjo, barakoa. Kubainisha ndiko kulikobaki. Fungua grafu ya Shirika la Afya Duniani ya wagonjwa wa Tanzania. Mstari unapanda hadi 509 mwishoni mwa Aprili 2020, kisha unalala pale pale, umenyooka kama rula, kwa zaidi ya mwaka, hadi takwimu zilipoanza tena katikati ya 2021. Ndani ya ule mstari ulionyooka ndimo walimo wale mapadre, wale watawa, na wengine wote tuliowazika Februari ile.